Gari la Babu Limenyamaza

Mlola,
6 Oktoba 2024

Kwa mjukuu wangu Jafari,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini nimeitikia mapema nisije nikafa nikiisubiri shikamoo yako. Onga maundo, kama Kisambaa cha kusalimia bado unakikumbuka. Huku tuko wazima. Magoti yananiuma, ila hayakuhusu. Baba yako mdogo Sharifu amenenepa. Amerithi usukani wa babu yako, akili bado tunasubiri. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, wote madume, kazi yao kula na kupiga kelele, ukoo wenu mtupu. Kabichi zipo. Mvua inakuja inapotaka yenyewe.

Utajiuliza kwa nini bibi anaandika barua wakati watu wana simu. Simu nikianza kukwambia ukweli, unasema "Bibi, mtandao, Bibi, hukusikiki," halafu kimya. Barua haikatiki. Itakaa mezani inakutazama mpaka uimalize. Nilisoma ngumbaru ili niandike jina langu, sasa naandika na matusi, na yote nayaweka herufi moja moja.

Sasa jambo lenyewe. Barua hii anakuletea Sharifu, na alichokuja nacho huko Tanga ni pikapu ya babu yako. Tangu tumzike babu yako haijaguswa na fundi. Najua hulijui hilo, maana tangu siku ya mazishi hujapanda mlima huu. Injini imechoka. Likipakia kabichi za watu na kupanda kule Magamba, gari linatembea kama bibi harusi anayepelekwa ukumbini. Kina mama wenye matenga kichwani wanalipita wakiliaga.

Halafu zile kelele. Ekzosi imetoboka, gari likiwa bado mbali huko bondeni mbuzi wameshasimamisha masikio. Imamu analalamika. Walutheri nao wanalalamika, ni mara ya kwanza nimeona wamekubaliana kitu. Ziondoe. Zote. Sitaki kulisikia kabisa hilo gari. Nataka lije kama paka.

Wewe tunaambiwa ni fundi, tena una cheti. Cheti hakipandi mlima. Tengeneza injini, basi, usiongeze mapambo.

Ni mimi mkeo mzee ambaye hunitunzi,
Bibi Mwanaheri


Tanga,
2 Novemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, kwa ile utakayosema sikuitoa. Pole na magoti. Mimi mzima, joto la Tanga linanipika taratibu. Kazi gereji ni nyingi. Hongera kwa mbuzi.

Sharifu anarudi kesho na gari. Nozo zilikuwa zinamwaga dizeli kama bomba la shuleni, nimezipeleka zikapimwa na kurekebishwa. Chujio la hewa nilipolifungua nilikuta kiota cha panya, tena familia yenye nafasi. Nimeweka jipya. Injini ilikuwa haipumui, Bibi, ndiyo maana ilikuwa inatembea kibibi harusi. Ekzosi nimeweka mpya kabisa, bomba pana, sailensa nzuri. Ukisimama pembeni yake utadhani limezimwa. Umesema kama paka, nimekuletea paka.

Nimeongeza kitu kimoja kidogo. Redio. Ile ya zamani ilikuwa inashika stesheni moja, tena gari likiwa linateremka. Hii mpya inachomekwa flashi, ina spika mbili milangoni na sabufa nyuma ya kiti. Si mapambo, Bibi. Dereva akisikia muziki hasinzii.

Nisalimie wote. Tutaonana Mungu akipenda.

Mjukuu wako,
Jafari


Mlola,
17 Novemba 2024

Jafari,

Marahaba zote mbili, na ya akiba nimeitumia. Magoti yale yale. Mbuzi mmoja dume ameanguka korongoni, tumemla kwa huzuni. Bibi yako mdogo wa Gare anakusalimu, anauliza kama bado uko hai. Nimemwambia nasikia hivyo.

Gari limefika. Nimejua limefika kwa sababu nilimwona Sharifu amesimama mlangoni anaomba chai. Nilidhani amepanda kwa miguu. Kumbe gari liko uani, limeingia kama jini. Nisikufiche, umefanya kazi. Linapanda Magamba kama kuna mtu juu analivuta kwa kamba. Nimewatangazia watu wote kuwa gari langu sasa ni la kistaarabu, hata Clemence mwenye fuso amekuja kuliinamia kusikiliza kama linaunguruma. Akaondoka kichwa chini. Nilifurahi.

Sasa hiyo redio. Nilipanda siku moja kwenda Lushoto, Sharifu akaiwasha. Kitu kikanipiga mgongoni kama punda ananipiga teke nyuma ya kiti. Nikamwambia simama. Nikauliza kuna nini huko nyuma. Ananijibu, "Mama, hiyo ni besi." Mimi nina umri huu napigwa teke na besi? Tumeling'oa hapo hapo. Sabufa lako liko jikoni, karibu na mafiga, limelala chali. Kuku mwekundu ameupenda ule mdomo wake wa mviringo, anautagia. Kwa hiyo si kwamba halina faida kabisa.

Swali moja. Umebadilisha kila kitu mpaka vioo, lakini kiti cha dereva kimechanika vile vile, sponji iko nje, umekiacha. Mtu anashona injini, kiti cha ngozi kinamshinda? Nijibu.

Na unakuja lini?

Bibi yako


Mlola,
9 Desemba 2024

Jafari,

Hujajibu. Sawa, nakusalimu mimi, dunia imepinduka.

Kuna jambo dogo limetokea. Si kubwa. Naliandika tu kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi.

Unawajua wale kina mama wa mteremko wa Jiwe Jeupe, Klara, Sabra, Yudith na wenzao, ambao wanapakia mizigo kwetu tangu babu yako akiwa na meno yote. Mashamba yao yako juu, barabara iko chini. Bondeni kule simu hazishiki. Kuweka tenga barabarani mapema hawawezi, kima wa msituni wanakula plamsi kuliko wateja. Kwa hiyo walikuwa wanalima tu, wakisikia gari linapiga kelele kona ya chini, wanajitwika na kuanza kushuka. Gari linafika, na wao wanafika. Hakuna aliyewahi kupanga hivyo, ndivyo tulivyoishi.

Sasa Sharifu anafika pale, hakuna mtu. Anapiga honi. Honi kila gari linapiga pale konani, nani atajua ni yetu? Barabara nyembamba, magari nyuma yanamfokea, anaondoka. Wao wanashuka baadaye na matenga, wanakuta vumbi. Halafu fuso la Clemence linakuja linanguruma bonde zima, linawapakia. Siku ya soko iliyopita Sharifu amefika Lushoto na mafungu mawili ya karoti na mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona daktari wa meno. Gari zima!

Plamsi ndiyo kwanza zinaiva. Kina mama hawa wakimzoea Clemence msimu huu, hawarudi, na mimi sina kingine ninachokula zaidi ya mizigo yao. Sharifu ameshaanza kusema tuliuze gari.

Sisemi kuna mtu amekosea. Nasema tu kwamba fundi mwenye akili angeuliza kwanza kelele zinafanya kazi gani.

Kiti hujanijibu.

Bibi Mwanaheri


Tanga,
20 Desemba 2024

Bibi, shikamoo.

Mimi mzima. Nilikuwa na kazi nyingi, nisamehe. Pole kwa mbuzi, natumaini alikuwa na mafuta.

Barua yako ya Oktoba iko hapa mezani, inanitazama kama ulivyoahidi. Imeandikwa: "Ziondoe. Zote. Sitaki kulisikia kabisa hilo gari." Mwandiko unafanana sana na wa bibi mmoja wa Mlola. Labda unamfahamu, umuulize yeye kelele zilikuwa zinafanya kazi gani.

Ekzosi ya zamani siwezi kuirudisha, Bibi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshaichukua, na ingekuwepo ingekaba injini tena. Nikitoboa hii mpya, askari wa barabarani hapo chini hawatakuacha upite hata mara moja.

Lakini usiuze gari. Nakusihi usimsikilize Sharifu kwa hilo. Nimempa konda wa basi spika moja ya nje, ile yenye mdomo mpana kama ya msikitini. Sharifu aifunge juu ya kibini na waya auchomeke kwenye redio. Akifika kona ya chini apige wimbo. Kina mama wakisikia wimbo, washuke. Hilo tu. Kumbe redio si mapambo.

Sabufa muachie kuku.

Jafari


Mlola,
12 Januari 2025

Kwa fundi mkuu wa Tanga,

Marahaba. Huo mwandiko unaosema, huyo bibi amefariki. Aliyebaki ni mimi.

Kuku mwekundu ametotoa, vifaranga wote wametoka wakiwa na sauti nzito. Sharifu anasema ni bahati, mimi nasema ni sabufa. Magoti yanaendelea na kazi yake.

Spika tumeifunga. Siku ya kwanza Sharifu akapiga wimbo wa vijana, wa kelele na mapenzi. Bodaboda zote za Lushoto zinapiga huo huo, na Clemence pia anaupiga. Kina mama wakashuka mbio wakasimama mbele ya fuso. Clemence akawapakia akicheka, akaniletea salamu za shukrani.

Siku ya pili nikasema tuweke kaswida, hiyo hakuna fuso linalopiga. Ikasikika vizuri, mpaka ng'ambo. Watu wakatoka! Nikaona nimeshinda. Wakashuka mikono mitupu. Yudith alikuwa amejifunga kanga ya msibani, akasogea dirishani kwa adabu akauliza, "Nani amefariki?" Walidhani ni gari la matangazo ya msiba. Sabra alikuwa ameshaanza kulia, hakujua anamlilia nani, akasema basi atamlilia mama yake aliyekufa zamani. Plamsi zikabaki shambani. Kima walikula vizuri sana siku ile, walipumzika na tumbo juu.

Sharifu amepata mnunuzi wa gari, mtu wa Mombo. Anakuja kuliangalia mwezi ujao. Nikisema ndiyo nalia, nikisema hapana tunakula nini.

Kuhusu ile simu niliyokupigia juzi kule Magamba kwenye mtandao, kwa simu ya Sharifu. Hesabu kwamba haikupigwa. Nilikuwa na hasira, upepo ulikuwa mwingi, hukusikia vizuri. Na kama ulisikia, hukusikia. Hasa mwishoni. Usiniandikie habari zake.

Kiti.

Bibi yako


Tanga,
2 Februari 2025

Bibi, shikamoo.

Fupi tu, konda ananisubiri. Ndani ya bahasha kuna flashi, nimeifunga kwenye kipande cha kanga isipotee. Sharifu aichomeke, akifika kona ya chini aifungulie sauti mpaka mwisho. Asiisikilize kwanza. Wewe pia usiisikilize kwanza. Nakuomba sana. Na mtu wa Mombo mwambieni asubiri siku moja ya soko.

Simu nimekuelewa, haikupigwa. Kwa hiyo hutaweza kunigombeza kwa jambo lililotokana na simu ambayo haikupigwa.

Kiti umeniuliza mara nyingi. Gari lilipofika hapa nilitoa kila kitu, nikabaki na kile kiti. Upande wa kulia kimebonyea vile alivyokuwa anaegemea babu, akitoa kichwa nje kuwasalimu watu wa juu. Nilishika sindano, nikairudisha kwenye boksi. Nikawaambia wenzangu gereji ngozi haipatikani.

Jafari


Mlola,
23 Februari 2025

Jafari wewe,

Marahaba hupati leo. Watu wazima, mbuzi wazima, vifaranga wakubwa, magoti yameniacha kwa sababu hasira imechukua nafasi yote. Sasa kaa chini.

Nilikuwa ndani ya gari. Nilisema nitaona mwenyewe huo muujiza wa fundi. Tumefika kona ya chini, Sharifu akachomeka kidude chako. Nikangoja wimbo.

"Jafari! Wewe Jafari! Unanisikia? Usijifanye mtandao! Plamsi za watu zinaliwa na kima, wewe umekaa Tanga unakula samaki!"

Mimi! Sauti yangu! Juu ya kibini, bonde zima! Nilitazama nyuma nione ni mwanamke gani hana haya, kumbe ni mimi niko kwenye spika. Umenirekodi, mwanaharamu wewe, nakugombeza huku unabonyeza simu!

Na hawakushuka, Jafari. Walimiminika. Klara alikuwa ameinama kwenye maharage, ananiambia alisimama wima peke yake, akajua nimekuja kumgombeza yeye. Sabra alijitwika tenga kabla hajajua analipeleka wapi. Waliokuwa hawana mzigo nao walishuka kuja kuona nani anasemwa. Clemence alikuwa mbele yetu na fuso, amelisogeza pembeni mpaka tairi likaingia mtaroni, na Sharifu anaapa alimsikia akisema "shikamoo" akiwa peke yake kwenye usukani. Hakuna gari jingine mlima huu lenye sauti hiyo, wanasema. Asante, nimefurahi kujua nafanana na ekzosi.

Gari limejaa mpaka kamba zilipungua. Siku ya soko iliyofuata limejaa tena. Mtu wa Mombo alipokuja, Sharifu mwenyewe ndiye aliyemwambia gari haliuzwi, ana kazi. Basi. Umeshinda, furahi upesi, maana sijamaliza.

Siku ile ya kwanza, wakati wanapakia, Sharifu kwa uzembe wake wa kuzaliwa hakuizima. Ikaendelea. Ikafika kule mwishoni, mahali nilipokwambia hukusikia. Mimi nimekaa mbele, mlango umebanwa na kabichi, siwezi kutoka. Na spika inasema, kwa sauti yangu, mbele ya Waislamu na Walutheri:

"Si imamu aliyelalamika, ni uongo. Kila gari likilia pale Jiwe Jeupe nilikuwa nasimama naweka maji ya babu yako jikoni. Amekufa, na mimi naweka maji. Ndiyo maana nikasema kelele ziondolewe. Sasa limenyamaza, maji siweki, na nyumba nayo imenyamaza. Rudi basi, mume wangu."

Kisha upepo. Kisha ikaanza upya: "Jafari! Wewe Jafari!"

Hakuna aliyecheka. Klara alishika pindo la kanga. Sasa kila siku ya soko bonde zima linanisikiliza, na wakishuka wananiangalia kwa macho ya msibani. Yudith kaniletea sukari, ati ya kufuturia, mfungo unaingia wiki hii. Sabra naye sukari. Imamu kaja mwenyewe, ati ananisamehe kwa kumsingizia, naye kaja na sukari. Nina sukari ya kufungua duka. Wote wanauliza swali moja: "Hajarudi tu?"

Nataka yale maneno ya mwisho yatolewe. Ya mwanzo yabaki, yanafanya kazi. Sharifu anasema hajui, akikata mwisho anaweza kufuta yote, tukarudi kwenye kaswida na Sabra aanze kulia tena. Anasema hiyo ni kazi ya fundi. Fundi ninayemjua ni mmoja. Usimtume konda, konda hana cheti.

Njoo. Sindano yako iache huko. Kiti hicho hutakishona, nilikuwa nakuuliza tu nione kama nawe umekiona. Utakikalia. Sharifu atakungoja stendi ya Lushoto, atahamia upande wa abiria, wewe utaendesha kutoka hapo. Ukifika kona ya chini fungulia sauti mpaka mwisho, hata yale maneno, mara hiyo moja. Mimi nitakuwa nyumbani. Nikijisikia najigombeza huko Jiwe Jeupe nitajua umo ndani, na maji nitaweka jikoni.

Ni mimi,
Mwanaheri